Sungura wa Uzi na Ujira wa Mfumaji

Miongoni mwa hidaya ambazo mtu aweza kumpelekea mzazi aliyejaaliwa mtoto, sijaona iliyo na haki ya kutangulizwa mbele ya mnyama mdogo aliyefumwa kwa uzi na kulabu, awe sungura, tembo au pweza; na rai yangu ni kwamba kina mama wa nchi zetu, ambao kwa miaka mingi wameutia ustadi wao katika vitambaa vya kutandika juu ya makochi na meza, wanao tayari mkononi ujuzi wa kazi hii, nasi tunaonunua ni wajibu wetu kuwalipa kwa kadiri ya saa zao, wala si kwa kadiri ya udogo wa kitu.

Ajuaye kufuma kitambaa cha duara amekwisha kuijua nusu ya kazi. Kichwa cha sungura huanza kwa kitanzi kimoja, ndani yake hufumwa mishono 6, kisha kitanzi huvutwa kikakaza. Duru ya pili kila mshono huzaa miwili, ikawa 12, na tangu hapo kila duru huongezwa 6, ikawa 18, ikawa 24, mpaka upana unaotakiwa upatikane. Walakini kitambaa hutakiwa kilale na kiwe na matundu ya kupendeza, ilhali mnyama ataka mishono iliyobanana hata pamba isichungulie, na kwa sababu hiyo fundi huchagua kulabu nyembamba kuliko ile ambayo uzi wenyewe ungeitaka. Aghalabu duru hazifungwi moja moja, bali hupanda kwa kuzunguka kama ngazi ya mnara, na mfumaji hutia kipande cha uzi wa rangi nyingine penye mwanzo wa kila duru asije akapotewa na hesabu. Kisha mishono hupunguzwa kwa mpango ule ule ulioiongeza, na kabla tundu halijafumba, kichwa hujazwa.

Wazee wetu wa pwani walijaza mito na magodoro kwa sufi, na wako watakaoona fakhari kumjaza sungura kwa sufi ya msufi wa kwao. Lakini sufi ikiloweshwa hujikusanya mabonge, na mwanasesere wa mtoto mchanga hana budi kufuliwa mara kwa mara, kwa hiyo pamba ile ya viwandani yafaa zaidi. Macho nayo yasiwe vifungo, kwani kifungo hung'oka na mtoto hutia kila kitu kinywani. Yadariziwe kwa uzi mweusi, na hapo ndipo ustadi hudhihiri, maana macho yakiteremshwa duru moja tu au yakitengwa kidogo, uso wote hubadilika.

Wajapani ndio walioieneza sanaa hii duniani kwa jina la amigurumi. Huko Denmark, mwaka 2013, watu wa kujitolea walianza kuwafumia watoto njiti pweza wadogo wa pamba tupu, wenye minyiri isiyozidi sentimita 22 hata ikivutwa, wawezao kufuliwa kwa maji ya nyuzi joto 60. Husemwa kuwa mtoto huishika ile minyiri akaacha kuvuta mirija aliyotiwa. Jambo hilo halijathibitishwa kitabibu, lakini mzazi aliyeketi kando ya mtoto asiyeweza hata kumpakata amepata mtu wa kumkumbuka, na hilo kwangu si dogo.

Sasa nifike kwenye ujira, maana ndipo penye dhuluma. Mashine za viwandani hufuma fulana na sweta kwa maelfu, ama mnyama wa kulabu bado ni kazi ya mkono. Basi kila mmoja auzwaye, hata yule wa bei ya chini kabisa aliyetoka ng'ambo, amefumwa na mtu, na bei ikiwa duni mno, aliyepunjwa ni mtu huyo. Wanawake wa Ireland, katika njaa kuu iliyoanza mwaka 1845, walifuma lesi kwa kulabu wakaiuza, wakazilisha aila zao. Kazi hii, basi, haikuwa abadani mchezo wa kupitishia wakati. Lakini mnunuzi wetu humshika sungura, akampindua, akauliza, “Mbona ghali hivyo, mama, na kenyewe kadogo?” Hajui kwamba udogo ndio unaoumiza macho na vidole, kwa kuwa mguu wenye mishono michache katika duru ni mgumu kuufuma kuliko tumbo lenye mishono mingi, na masikio, mikono na miguu, kila kimoja hufumwa peke yake, kisha hushonewa mahali pake kwa sindano.

Atakaye sungura wa kumpa mtoto siku ya arubaini na aagize mapema, mimba ingali changa, atoe kwanza fedha ya uzi na pamba, na bei ya kazi ipatanwe kwa siku atakazokaa mfumaji, kwa insafu ile ile tunayopatana nayo na seremala au mwashi.