Kabla hujalipia programu ya kutengeneza tovuti

Wadau, jamaa mmoja mwenye nyumba za wageni huku Malindi ameniuliza anunue programu gani ya kutengeneza tovuti. Wengi huangalia kwanza templeti za kupendeza. Mimi huangalia HTML inayotoka.

Wakongwe mnaikumbuka FrontPage. Microsoft waliiacha mwaka 2006, na kurasa zake nyingi zilikaa sawa kwenye Internet Explorer tu, brauza ambayo nayo ilistaafishwa 2022. Aliyefuata viwango vya W3C hakulazimika kubomoa na kuanza msingi upya.

Lakini hoja yangu kubwa ni msomaji asiyeona. NVDA, programu ya bure inayosoma skrini kwa sauti, ilianzishwa 2006 na Michael Curran, Mwaustralia asiyeona. Sauti ya eSpeak inayokuja nayo inajua Kiswahili, ila lazima iambiwe. Ukurasa wa Kiswahili ulioandikwa lang="en" badala ya lang="sw" utasomwa kwa matamshi ya Kiingereza, na hapo hata mzaliwa wa Mambrui haambulii kitu. Sasa tazama hoteli zetu za Malindi na Watamu: Kiitaliano hapa, Kiingereza pale, Kiswahili kwa mbali (mara nyingi "Karibu" tu). Programu isiyokuruhusu kutaja lugha ya ukurasa haifai Pwani hii, hata ukipewa bure.

Ijaribu kabla ya kulipa. Tengeneza ukurasa mmoja wenye kichwa, picha na fomu ya kuweka nafasi. Je, ukiweka picha inakuomba maelezo kwa maneno? Kichwa ni h1 kweli, au ni herufi zilizonenepeshwa tu? Kisha weka kipanya kando, washa NVDA, fumba macho, ujaze fomu yako mwenyewe kwa kitufe cha Tab.

Utaniambia wageni wako wote wanaona. Umejuaje? Aliyeshindwa na fomu hakupigii simu, anakwenda kwa jirani. Na kwa ofisi za umma jambo ni zito zaidi: Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inampa mwenye ulemavu haki ya kufikia habari. Tangazo la basari likiwekwa kama picha ya karatasi iliyoskaniwa, bila maandishi, kijana asiyeona kule Ganze atapitwa na tarehe ya mwisho.

Jamaa yangu nimemwelekeza WordPress, achague templeti yenye alama ya "accessibility-ready". Kihariri chake kinaweza kutaja lugha hata ya neno moja katikati ya aya, kwa hiyo ile "Karibu" yake itatamkwa inavyostahili.