Tazara si foleni tu, jamani!

Leo nina swali dogo. Konda akipiga kelele "Tazara wapo?", wewe kichwani kwako kinakuja nini? Wengi wetu bwana ni foleni, njia panda ya Nyerere na Mandela, au lile daraja la juu la Mfugale lililofunguliwa Septemba 2018. Stesheni yenyewe, iliyoyapa makutano hayo jina, tunaipita kama ghala la mtu!

Basi wiki hii nimeamua tuisalimie.

Mwaka 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao wenyewe, uhuru wa wachache. Zambia ikabanwa, maana shaba yake ilikuwa inapita huko huko kwenda baharini. Mwalimu Nyerere na Mzee Kaunda wakabisha hodi kwa wakubwa wa Magharibi kuomba pesa za reli, wakaambiwa haitalipa. China ikasema njooni. Mkataba ukatiwa saini Beijing Septemba 1967, kazi ikaanza 1970, na Julai 1976 reli ikakabidhiwa rasmi. Kilomita 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi, kwa mkopo usio na riba! Na si pesa tu iliyotumika. Nenda Gongo la Mboto ukaone makaburi ya Wachina zaidi ya 60. Kuna na ndugu zetu waliopasua mawe na kubeba mataruma, ambao majina yao hatuyaoni popote.

Sasa litazame jengo. Halina nakshi, halina kuba, halina madoido. Ni zege na vioo, limejitanua, limenyooka, na ukumbi wake dari iko juu kweli kweli. Mshikaji wangu mmoja anasema eti linafanana na ofisi ya serikali. Sasa kosa liko wapi? Ni mlango wa nchi mbili zilizokuwa changa, zikitaka kuonyesha kwamba nasi tunaweza. Halafu ile dari si maringo. Abiria wa safari ya siku mbili anakuja na mabegi, watoto na bibi yake. Anahitaji nafasi na hewa. Kwa joto la Dar, dari ya juu ni feni ya bure!

Lakini kuna kichekesho. Reli ya Kati, ile Wajerumani walioianza Dar mwaka 1905, ina upana wa milimita 1,000. Ya Tazara ni 1,067, ili iungane na reli za kusini mwa Afrika. Tofauti ni milimita 67, vidole vichache tu, ila behewa la huku haliwezi kutembea kule. Ndiyo maana mji mmoja una stesheni ambazo reli zake hazisalimiani. SGR nayo imekuja na 1,435 yake!

Kwetu sisi wa uswahilini, Tazara ilitukaribia zaidi Oktoba 2012, ilipoanza ile treni ya mjini tuliyoibatiza "treni ya Mwakyembe", jina la waziri wa uchukuzi wa wakati ule. Stesheni ya kwenda Zambia ikawa pia stesheni ya kwenda Mwakanga. Raha iliyoje!

Kwa nini nayasema haya leo? Kwa sababu Septemba 2025 ulitiwa saini mkataba wa miaka 30 na kampuni ya Kichina kuifufua reli hiyo, kwa dola za Kimarekani bilioni 1.4. Safi sana, injini na mataruma vije. Ila tunajijua tabia zetu: tukisikia ukarabati, tunawaza kuvunja, au kubandika vioo vya bluu na alumini mpaka jengo lifanane na duka la simu. Wakubwa, tafadhali! Rekebisheni paa, pakeni rangi, wekeni vyoo vya maana, lakini sura yake muiache. Wazee wetu waliambiwa haiwezekani, na lile jengo ndilo jibu lao.

Nawe kijana, siku moja shuka Tazara makusudi, uinue macho. Kutazama ni bure!

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.