Kinalia, Lakini Kinanusa?

Baridi ya Juni na Julai ikibisha hodi Arusha, Njombe au Mbeya, jiko la mkaa huingizwa chumbani na madirisha yakafungwa. "Aah, mkaa umeshakolea, hauna moshi," tunaambiana. Hapo ndipo hatari ilipo! Mkaa mwekundu bado unatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Ikiingia mwilini hung'ang'ania damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu. Unadhani ni malaria au uchovu wa kazi. Aliyelala anaweza asiamke kabisa.

Ndiyo maana baadhi yenu mmenunua kile kifaa chenye king'ora, au kaka aliyeko Uingereza kawatumia. Safi sana. Lakini je, kinafanya kazi?

Kijaribuni wawili, mara moja kila mwezi. Mmoja alale kitandani, mlango ufungwe. Mwingine abonyeze kitufe cha majaribio, akishikilie mpaka kifaa kilie. Wa kitandani asiposikia vizuri, kisogezeni karibu na chumba. Kikiwa kinatoa "pii" moja moja kila baada ya muda mfupi, badilisheni betri au kifaa chenyewe. Msichomoe betri eti kinawasumbua!

Sasa sikilizeni vizuri. Kitufe kile hupima betri, king'ora na mitambo ya ndani tu. Hakipimi "pua" ya kifaa, yaani kihisi kinachonusa gesi. Kihisi huzeeka, vingi baada ya miaka 5 hadi 10. Kigeuzeni nyuma msome tarehe. Kama imeshapita, hata kikilia kwa mbwembwe, msikitegemee tena. Wala msiwashe mkaa chini yake eti mnakijaribu.

Na hata kikiwa kizima, si ruhusa ya kulala na jiko. Vingi vimetengenezwa visubiri kwanza: gesi ikiwa sehemu 70 kwa milioni, kinaweza kuchukua saa 1 hadi 4 kabla ya kulia. Kikilia, tokeni nje nyote, watoto na dada wa kazi pia, kisha muende hospitali. Kunywa maziwa hakusaidii.

Baridi ina dawa zake bwana: blanketi zito, soksi, na mwenzako pembeni. Jiko libaki nje.