MAONI YETU: MTUNZA WANYAMA NAYE NI MFANYA KAZI



Mwanachama mmoja alituuliza hivi majuzi: chama cha watu wa reli kina shauri gani na chui na kobe? Aliuliza hivyo kwa sababu tulikuwa tumezungumza habari za vijana wanaofanya kazi katika vituo vya wanyama, wale wanaowapokea watoto wa shule, wakawaonyesha simba na nyani, wakawafundisha kwa nini pori litunzwe. Swali lake ni la haki. Twapenda kulijibu hapa kwa urefu, maana twajua wako wengine wanaolificha moyoni.

Reli yetu ilijuana na wanyama kabla haijafika Nairobi. Mwaka 1898, daraja la mto Tsavo lilipokuwa likijengwa, simba wawili waliwala wajenzi kwa miezi mingi, hata kazi ikasimama kwa wiki tatu hivi. Bwana Patterson, msimamizi wa daraja, aliwaua simba hao mwezi wa Desemba. Katika kitabu chake cha mwaka 1907 aliandika kwamba Wahindi 28 waliliwa, na pamoja nao Waafrika wengi ambao hesabu yao haikuwekwa. Tafadhali lifikirini jambo hilo. Kibarua wa Kihindi alihesabiwa, kibarua wa Kiafrika hakuhesabiwa. Mwaka 2009 wataalamu walichunguza mifupa na manyoya ya simba wale, wakakadiria kwamba walikula watu 35 hivi, lakini hata wao hawakuweza kutupa majina. Ngozi za simba ziliuzwa mwaka 1924 kwa jumba la makumbusho la Field huko Chicago, zikajazwa na kushonwa, na watoto wa Marekani hufundishwa mbele yake hata leo. Simba wana anwani. Wenzetu hawana hata orodha.

Basi tangu mwanzo kulikuwa na watu waliolipwa ujira mdogo kwa kukaa karibu na wanyama wakali, na hakuna aliyewaandika. Tunaposema juu ya mtunza wanyama wa leo, twasema juu ya mtu wa namna hiyo hiyo.

Tena, mambo hayo hayakuisha mwaka 1898. Reli mpya ya Mombasa na Nairobi, iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2017, hupita Tsavo juu ya tuta refu, na chini ya tuta zimeachwa njia za kupitia ndovu. Dereva aliyepata kugonga nyati usiku hahitaji kuambiwa kwamba wanyama ni habari ya reli.

Sasa tuje nyumbani. Sisi tunaoandika ukurasa huu kwetu ni Manyatta, upande wa Embu, chini ya Mlima Kenya. Gari la moshi halifiki kwetu. Reli iliyo karibu ni ile ya Nanyuki, ipitayo Sagana na Karatina. Shamba letu la chai linapoishia ndipo msitu unapoanza. Mtoto wa Ngandori au Nginda anamjua ndovu kwa migomba iliyong'olewa na mahindi yaliyokanyagwa usiku mmoja kabla ya kuvunwa. Baba yake amekesha na debe na tochi. Ua wa umeme umejengwa kuuzunguka mlima kwa sehemu kubwa, na umesaidia sana, lakini mti ukianguka juu ya waya, au nyasi zikiachwa kuugusa, ndovu hutambua upesi kuliko fundi.

Mtoto huyo akiambiwa darasani kwamba wanyama ni mali ya taifa, hujibu ndiyo mwalimu, kisha akirudi nyumbani husikia habari nyingine. Nasi hatumlaumu baba yake. Sheria ya wanyama ya mwaka 2013 ilisema mtu akiuawa na mnyama jamaa zake walipwe shilingi milioni 5, na akipata kilema cha kudumu alipwe milioni 3. Maneno hayo ni mazuri. Lakini mwenye kudai hutakiwa kwenda na fomu, kurudi na fomu, kungoja kamati ikae, na kungoja fedha zitoke Nairobi. Mafundisho ya kupenda wanyama hayawezi kuingia katika nyumba inayongoja malipo ya maiti.

Hata hivyo twaamini mafundisho yana kazi kubwa, tena kwetu kuliko kwa mtu wa mjini. Chukueni habari ya bongo wa mlimani, yule swala mkubwa mwekundu mwenye milia myeupe. Alikuwa mnyama wa misitu yetu. Mitego ya waya, mbwa wa wawindaji na maradhi vilimpunguza mpaka wanaosalia porini wakakadiriwa kuwa hawafiki 100. Walio hai kwa wingi ni wale ambao mababu zao walichukuliwa wakapelekwa katika bustani za wanyama za Marekani wakazaa huko. Mwaka 2004 bongo 18 walirudishwa Kenya kwa ndege, wakapelekwa upande wa Nanyuki. Februari 2025 wakaja wengine 17 kutoka Florida, wakapelekwa Meru. Mnyama wa mlima wetu amevuka bahari mara mbili. Lakini ulizeni watoto 10 wa Manyatta kama wamepata kumwona hata mmoja, na jibu twalijua.

Ndiyo maana vituo vya kufundishia vina maana. Huko Nairobi, karibu na lango la mbuga, nyumba ya wanyama yatima ilifunguliwa mwaka 1964, nayo imepokea watoto wa shule tangu wakati huo. Vyama vya wanafunzi vya kutunza wanyama, Wildlife Clubs of Kenya, vilianzishwa mwaka 1968 na wanafunzi wenyewe wa shule za sekondari, na Afrika haikuwa na kitu kama hicho kabla yao. Entebbe, Uganda, kituo kilianza mwaka 1952 kupokea wanyama walioumia na walioachwa yatima, kikawa bustani ya kutazama tu, kisha mwaka 1994 kikageuzwa kuwa kituo cha elimu. Geuzo hilo lilikuwa la busara. Mnyama aliyefungiwa ili watu wamcheke amefungwa bure. Akifungiwa kwa sababu mguu wake ulikatwa na mtego, na yuko mtu wa kueleza mtego ule ulitegwa na nani na kwa nini, hapo kifungo chake kina faida.

Lakini mtu wa kueleza ni nani? Hapo ndipo penye shauri letu.

Huko Entebbe alikaa sokwe jina lake Zakayo, tangu mwaka 1976 mpaka alipokufa mwaka 2018. Miaka 42. Magazeti yaliandika maisha yake na kifo chake, na alistahili. Nasi twauliza ni watunza wangapi walimpa ndizi katika miaka hiyo, na ni wangapi kati yao walioandikwa gazetini. Au chukueni Elsa, simba aliyelelewa Isiolo na Bwana na Bibi Adamson tangu mwaka 1956, akaachiliwa porini Meru, akafa mwaka 1961 akazikwa huko. Kitabu chake cha 1960 kilisomwa duniani kote. Wachache wanakumbuka kwamba Elsa na ndugu zake walipokuwa wadogo walikabidhiwa Nuru, mtumishi wa bustani aliyetolewa kwenye jembe akawa mlezi wa simba. Labda Nuru ndiye mtunza wa kwanza kujulikana katika nchi yetu, na kazi aliyoandikiwa ilikuwa ya kupanda mboga.

Tumezungumza na vijana wanne wa kituo kimoja. Hatutakitaja, kwa kuwa tungewatia hatarini. Siku yao huanza kabla ya jua. Husafisha vizimba na kuvimwagia dawa, hukata nyama, hupima mboga na matunda, huhesabu wanyama na kuangalia nani hakula. Saa tatu mabasi ya shule huanza kuingia. Kuanzia hapo mtu yule yule aliyekuwa na reki huwa mwalimu. Huja watoto 40, huja tena 60, naye husema habari ya duma mara 10 kwa siku moja mpaka sauti inakauka, na hatakiwi kukasirika mtoto akimtupia tumbili karanga. Huwashikisha kobe. Huwaeleza kwa nini fisi si mchawi. Jioni hulisha tena na kufunga. Jumapili na Krismasi, wafanya kazi wengine wanapopumzika, ndipo watu wanapojaa, kwa hiyo mtunza hajui sikukuu.

Wawili kati ya wanne hao wana cheti cha chuo. Mmoja amefanya kazi hiyo mwaka wa tatu, na mpaka leo hana barua. Hulipwa kwa siku. Kila baada ya miezi michache huambiwa apumzike wiki mbili kisha arudi, ili karatasi zionyeshe kwamba alianza upya. Mwingine haitwi hata kibarua. Huitwa mwanafunzi wa mafunzo, halipwi kitu, na hufanya kazi ile ile. Aling'atwa na nyani akaambiwa ajilipie sindano ya kichaa cha mbwa.

Wenzetu wa karakana mnaujua mchezo huo. Mliuona kabla ya vijana hawa kuzaliwa.

Sheria ya kazi ya mwaka 2007 haikuacha mlango huo wazi. Kifungu cha 37 chasema kibarua akifanya kazi mfululizo kwa mwezi mmoja au zaidi, au akipewa kazi ambayo haitegemewi kumalizika kwa miezi mitatu, basi ahesabiwe kama mtu wa mshahara wa mwezi. Kulisha simba ni kazi ya kumalizika lini? Kifungu cha 27 chatoa siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, na kifungu cha 28 chatoa likizo ya siku 21 za kazi kila mwaka kwa malipo kamili. Iko pia sheria ya fidia kwa walioumia kazini, ya mwaka huo huo, nayo haikusema kwamba meno ya nyani ni shauri la mfanya kazi mwenyewe.

Waajiri hujibu kwamba fedha ni kidogo na wanyama lazima wale kwanza. Twakubali kwamba nyama ni ghali. Lakini mwalimu anayebadilishwa kila miezi mitatu huondoka na ujuzi wake. Yeye ndiye anayejua kwamba chui fulani hukasirikia nguo nyekundu, na kwamba watoto wa kutoka kando ya msitu wasianzwe kwa habari ya uzuri wa ndovu, waulizwe kwanza kuhusu mahindi yao. Maneno hayo alitwambia mmoja wa vijana wale. Alijifunza kwa kukosolewa na mtoto wa darasa la tano. Akiondoka, kituo kitaanza tena na mtu anayesoma ubao.

Huko Marekani viko vyuo, kama Moorpark katika California na Santa Fe katika Gainesville, Florida, vyenye bustani ya wanyama ndani ya chuo, ambamo mwanafunzi hujifunza utunzaji kwa kuufanya. Na huko San Diego watunza wa bustani wamo katika chama cha Teamsters, pamoja na madereva wa malori. Hapa kwetu kipo chama cha Kenya Game Hunting and Safari Workers Union, ambacho jina lake lingali linataja uwindaji ingawa uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977. Jina si kitu. Twawashauri vijana hao wakiendee, na sisi tuko tayari kuwasindikiza mpaka mlangoni.

Sisi watu wa reli twaweza kutenda jambo letu pia. Gari la abiria la Nanyuki lilirudishwa mwaka 2020 baada ya miaka mingi ya kimya. Karibu na Nanyuki kuna kituo cha wanyama yatima na kuna bongo. Twaomba wakubwa wa reli watenge behewa moja la watoto wa shule kwa nauli ndogo, siku za shule, watoto wa Embu wapandie Sagana. Kutoka Manyatta mpaka Nairobi ni zaidi ya kilometa 120 kwa basi la kukodi, na shule nyingi za kwetu haziwezi gharama hiyo. Na kwa shule ambazo hata Sagana ni mbali, mwalimu wa wanyama na awafuate kwa gari, aje na fuvu na mtego na picha, asimame chini ya mti katika uwanja wa shule, na wazazi waitwe wamwulize habari za fidia na waya. Akiulizwa maswali makali na aulizwe. Lakini awe mtu mwenye barua ya kazi mfukoni.

Barua ya kuomba behewa imekwisha andikwa, nayo iko kwa katibu wa tawi. Atakaye kuitia sahihi amwone kabla ya mwisho wa mwezi, saa ya chakula cha mchana. Wale wenye jamaa wanaofanya kazi katika vituo vya wanyama walete habari za mishahara na saa za kazi. Majina yatafichwa.