Funza wa kidonda: Kuku asitupwe, wala asimwagiwe dawa ya josho

KATIKA vijiji vingi vya wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, kuku ndiye mfuko wa fedha ulio karibu zaidi na mama wa nyumbani. Ng'ombe huuzwa baada ya familia kukaa na kukubaliana, na mahindi husubiri mavuno, lakini tetea mmoja anaweza kukamatwa jioni na kesho yake akawa daftari, sabuni au nauli ya kwenda kliniki. Pamoja na umuhimu huo, kuku huyo huyo akipata kidonda na kidonda kikaingia funza, mara nyingi hapewi hata nusu saa ya matibabu. Huchinjwa haraka haraka, huuzwa kwa bei ya kutupa kwa mchuuzi asiyejua, au humwagiwa chochote kilichopo ndani ya nyumba.

Yote matatu ni hasara, na ni hasara inayoepukika. Kidonda chenye funza kikigundulika mapema hutibika kwa maji, chumvi na uangalizi wa siku chache. Kinachokosekana ni desturi ya kumkamata kuku na kumwangalia kabla hajaanza kunuka.

Nzi hasubiri

Ni vyema mfugaji akaelewa kwanza funza hao wanatoka wapi. Hawazaliwi na kidonda chenyewe. Huletwa na nzi, hasa wale wakubwa wenye rangi ya kijani au buluu inayong'aa, ambao huvutwa na harufu ya damu, usaha au kinyesi kilichoganda kwenye manyoya. Nzi jike mmoja anaweza kutaga mayai zaidi ya 100 kwa mara moja. Penye joto, mayai hayo huanguliwa ndani ya siku moja au pungufu, na funza huanza kula papo hapo. Hula kwa siku kadhaa, kisha hujidondosha chini, hujichimbia kwenye udongo na baadaye hutoka wakiwa nzi wapya.

Kwa maana hiyo, kuku aliyejeruhiwa asubuhi ya leo anaweza kuwa na funza kesho. Ubaridi wa nyanda za juu za Mbulu usimdanganye mfugaji. Ni kweli kwamba baridi huchelewesha ukuaji wa nzi, lakini kuku ana joto lake mwilini, na mahali anapolala huwa na joto kuliko nje. Kwenye maeneo ya chini ya Hanang, ambako jua ni kali zaidi, nafasi ya kuchelewa ni ndogo zaidi, hasa wakati wa mvua nzi wanapoongezeka.

Vidonda vyenyewe vina vyanzo vingi. Mwewe, mbwa na nguchiro humwachia kuku majeraha hata anapoponyoka. Jogoo mzito humchuna tetea mgongoni wakati wa kumpanda. Kuku waliobanana hudonoana hadi damu ikatoka, na wakishaiona hawaachi. Viroboto na utitiri humfanya ajikune mpaka achubuke. Anayeharisha hugandwa na kinyesi chini ya mkia, na hapo nzi hutaga hata kabla ya ngozi kupasuka.

Aliye hatarini kuliko wote ni kuku anayeatamia. Hukaa gizani kwa siku 21, hushuka mara chache kula na kunywa, na mwenye nyumba huogopa kumsumbua. Akiwa na mchubuko chini ya bawa, hakuna atakayeuona. Siku ya vifaranga kutoka ndipo mama huyo hukutwa amezubaa, mabawa yameteremka na harufu imejaa.

Dawa zisizo dawa

Mbulu na Hanang ni wilaya za wafugaji wa ng'ombe, Wairaqw na Wadatoga miongoni mwao, hivyo dawa ya kuogeshea mifugo si kitu kigeni nyumbani. Kwa kuwa inaua kupe, ni rahisi kudhani kuwa itaua na funza. Kweli itawaua, lakini inaweza kumuua na kuku. Dawa hiyo imepimwa kwa ajili ya ngozi nzima ya ng'ombe mwenye mamia ya kilo. Kuku wa kienyeji ana kilo moja hadi mbili tu, na kidonda ni mlango ulio wazi ambao sumu hupita upesi kuingia mwilini. Hata akipona, sumu inaweza kubaki kwenye nyama na mayai, na walaji wa mayai hayo ni watoto wa nyumba hiyo hiyo.

Mafuta ya taa huunguza ngozi na kuua nyama ambayo ingepona. Maji ya betri ni tindikali. Maji ya tumbaku au ugoro yana nikotini, ambayo nayo ni sumu kali kwa kiumbe mdogo kama kuku. Wapo watakaosema wamewahi kutumia vitu hivyo na kuku akapona. Inawezekana, lakini huyo alipona kidonda na sumu kwa pamoja, na wale ambao hawakupona ni nadra kusimuliwa.

Tiba ya nusu saa

Tiba ya kweli haihitaji duka kubwa. Kuku atengwe mara moja na wenzake, maana watamdonoa, kisha apelekwe ndani mahali pasipo na nzi. Mtibabu avae glavu au mfuko safi wa plastiki mikononi. Manyoya yanayozunguka kidonda yakatwe kwa mkasi, mbali kidogo kuliko pale kidonda kinapoonekana kuishia, kwa sababu funza hupenda kujificha pembeni chini ya ngozi.

Maji yachemshwe na kuachwa yapoe hadi yawe vuguvugu, kisha katika kila nusu lita kiwekwe kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kilichosawazishwa. Maji hayo yatumike kukiosha kidonda kwa msukumo, kwa bomba la sindano lililotolewa sindano yake au kwa chupa ya plastiki iliyotobolewa kifuniko. Ikiwa kidonda kiko chini ya mkia, kuku anaweza kukalishwa kwenye beseni la maji hayo kwa dakika 10 hadi 15, kichwa na kifua vikiwa juu ya maji, na funza wengi watatoka wenyewe. Waliobaki watolewe mmoja mmoja kwa kibano. Vijiyai vyeupe vilivyoshikana na manyoya navyo vikatwe, kwani vikiachwa, kesho kazi itaanza upya.

Funza waliotolewa wasitupwe uani. Wamwagiwe maji yanayochemka, kwani walioshiba wakifika kwenye udongo huendelea na safari yao ya kuwa nzi. Wala wasipewe kuku wengine kama chakula. Funza waliokulia kwenye mizoga huweza kubeba sumu inayolegeza shingo ya kuku hadi kufa.

Baada ya kuosha, kuku akaushwe vizuri kwa kitambaa safi. Ayodini iliyopunguzwa kwa maji hadi kufanana na chai ya rangi nyepesi inatosha kupakwa siku ya kwanza. Asali safi pia hukisaidia kidonda kupona, ila itumike kwa kuku aliyefungiwa ndani tu, la sivyo itaita wadudu. Dawa za kupulizia zenye antibiotiki zinunuliwe kwa ushauri wa mtaalamu wa mifugo, na mfugaji aulize ni siku ngapi mayai na nyama visiliwe.

Kazi haiishii hapo. Kidonda kikaguliwe asubuhi na jioni kwa siku nne au tano mfululizo, na kuoshwa tena kila funza anapoonekana. Mgonjwa apewe maji safi na chakula laini chenye dagaa au mabaki ya nyama iliyopikwa, abaki kwenye joto, na matandiko yabadilishwe kila siku. Aliyemhudumia anawe kwa sabuni.

Ipo pia mipaka ya huruma. Ikiwa funza wameingia tumboni kupitia tundu la haja, au kuku hawezi kusimama wala kunywa, kumtesa hakuna faida. Amalizwe haraka, achomwe au afukiwe kwa kina, na asiliwe.

Hesabu ya mfugaji na mchuuzi

Baadhi ya watu husema kuku mmoja hastahili usumbufu huo. Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba tetea anauzwa Sh15,000. Chumvi, sabuni na kipande cha kitambaa vimo ndani ya nyumba tayari, na kichupa cha ayodini hutumika kwa kuku wengi. Lakini hasara haiishii kwenye bei ya kuku. Tetea wa kienyeji hutaga mayai kati ya 10 na 15 kwa mzunguko mmoja, na huweza kurudia mara tatu au nne kwa mwaka. Akifa akiatamia, mayai yote hupotea. Akifa akiwa na vifaranga wadogo, mwewe na baridi ya Mbulu vitamaliza waliobaki. Anayesema ni kuku mmoja amesahau kuhesabu banda la mwakani.

Kwa mchuuzi anayekusanya kuku siku za mnada Katesh au Haydom, hatari ni kubwa zaidi. Kuku mwenye kidonda akibanwa ndani ya tenga pamoja na wenzake, atadonwa, atatoka damu, na nzi watamfuata njia nzima. Mchuuzi makini hulipia dakika moja ya kunyanyua mkia na bawa kabla ya kulipia kuku. Tenga lililobeba mgonjwa lioshwe na kuanikwa juani kabla ya safari nyingine. Naye mfugaji anayemficha kuku wa funza ndani ya kundi ajue kuwa mchuuzi aliyeumia leo atashusha bei kwa kijiji kizima wiki ijayo.

Siku ya chanjo itumike

Swali ni lini mfugaji mwenye shamba, ng'ombe na watoto atapata muda wa kumkagua kila kuku. Jibu lipo tayari mikononi mwake. Chanjo ya mdondo aina ya I-2, inayotengenezwa hapa nchini, hutolewa kwa tone moja kwenye jicho la kila kuku, na hurudiwa takriban kila baada ya miezi mitatu. Juni 2025 Serikali ilizindua kampeni ya kitaifa ya chanjo ya mifugo huko Bariadi, mkoani Simiyu, na kuku wa kienyeji wamo ndani yake.

Siku hiyo kila kuku hukamatwa. Anayemshika kwa ajili ya tone la jicho ana nafasi ya kunyanyua bawa, kupuliza manyoya ya mgongo na kutazama chini ya mkia. Ni sekunde chache kwa kuku mmoja. Aliyekutwa na kidonda atengwe na kutibiwa, na mchanjaji ashauri kama achanjwe sasa au baadaye. Halmashauri za Mbulu na Hanang zingefanya jambo la maana kuagiza kwamba kila mchanjaji wa kijiji aende na somo hili, pamoja na chupa ya ayodini na mkasi. Hakuna bajeti kubwa inayohitajika, kwani safari imeshalipiwa na kuku ameshashikwa.

Kati ya chanjo moja na nyingine, ukaguzi uwe mara moja kwa wiki, jioni kuku wanapolala, na kila siku kwa anayeatamia, pale anaposhuka kunywa maji.

Ukaguzi wa vidonda umeokoa mifugo ya nchi nzima kwingineko. Mwaka 1988 iligundulika kuwa nzi wa Amerika ambaye funza wake hula nyama hai ya mifugo ameingia Libya. Vikosi vilizunguka kukagua wanyama na kutibu vidonda, huku nzi madume waliofanywa tasa wakiletwa kwa ndege kutoka Mexico, na mwaka 1992 Libya ilitangazwa kuwa huru. Mwaka 2024 nzi huyo huyo alirudi Mexico, na Marekani ikafunga mpaka wake kwa ng'ombe wa nchi hiyo. Mataifa yenye ndege na maabara bado yalihitaji mtu wa kumshika mnyama na kukitazama kidonda chake.

Maofisa mifugo wa kata ni wachache, na ni kawaida wao kuitwa kwa ajili ya ng'ombe kwanza. Hilo haliwezi kubadilika kwa siku moja. Lakini kidonda cha kuku hakihitaji kumsubiri ofisa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wenyewe uko chini ya bawa la tetea anayeatamia leo, na wa kuuziba ni yule aliyeshika bakuli la maji ya chumvi.