Penye Nia, Njia Iko Wapi?

Hakuna methali ipendwayo na walioshiba kuliko ile ya penye nia pana njia. Kwa methali hiyo vijana wa Katavi huhukumiwa kila vyuo vifunguapo milango: eti wamependa tumbaku na mpunga kuliko vitabu. Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, haimbagui mtu, na fomu ni moja kwa wote.

Fomu ni moja, naam. Swali ni nani aifikiaye.

Utafiti wa kitaifa wa afya ya mwaka 2015–16 uliwakuta wasichana 45 katika kila 100 wa Katavi, wa umri wa miaka 15 hadi 19, wakiwa wamekwishazaa au wana mimba. Wastani wa nchi ulikuwa 27, na hapakuwa na mkoa uliouzidi huo. Msichana huyo Tanzania Bara ilimfukuza shule, na ruhusa ya kurudi ikatangazwa Novemba 2021, ilhali Zanzibar ilikuwa imekwishamruhusu miaka mingi kabla. Basi watu wa takwimu wanapowahesabu walionyimwa mkopo, yeye hayumo. Hakunyimwa, kwa kuwa hakuomba. Na hakuomba kwa kuwa alikwisha kutolewa darasani. Hesabu inayoanzia mlangoni mwa chuo humsafisha kila aliyeiharibu njia.

Elimu ni bahari, husema washairi wa pwani. Aliyezaliwa Inyonga bahari haijui hata kwa harufu, lakini nauli yake anaijua. Kijana wa Unguja hupanda daladala akafika Tunguu, jioni akala kwao. Wa Mpanda hushika reli ya Kaliua, iliyojengwa zama za Waingereza kwa ajili ya madini ya risasi, na kutoka hapo Dar es Salaam bado iko mbali. Tawi la Chuo Kikuu cha Sokoine huko Mpimbwe ni neema, nani akatae? Ila tawi hupokea waliomaliza sekondari, si waliopotea kidato cha pili.

Na aliyefika chuoni akakwama? Mkopo haumsamehe. Aliyeacha mwaka wa pili ili auguze mzazi, cheti hana, deni analo. Mwenzake aliyehitimu na kuajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara, kiwango kilichopandishwa mwaka 2016 kutoka asilimia 8. Naye walau ana mshahara wa kukatwa. Huu ndio usawa unaosifiwa.

Wanaodai kwamba njia ipo na waichapishe. Waanzie darasa la kwanza, si dirisha la maombi: Nsimbo, Tanganyika, Mlele, Mpimbwe na Mpanda mjini, wasichana mbali na wavulana mbali, wangapi waliandikishwa, wangapi walitoka na shahada, na wangapi wamebaki na deni tupu.