Imani ya Shabiki Haiibi Kituo

Kila Oktoba, timu ikielemewa kwenye mchujo wa besiboli Marekani, wimbo ni uleule: mashabiki tuamini tu, tutapindua meza. Anayesema mambo yameharibika anaitwa msaliti, tena mwenye mkosi. Ukibisha unatupiwa Boston ya 2004. Naikataa imani hiyo, na ushahidi wangu ni Boston hiyohiyo.

Mwaka ule Red Sox wa Boston walikuwa nyuma kwa michezo 3-0 mbele ya Yankees, na wa kwanza kushinda minne ndiye anayesonga. Mchezo wa tatu walichapwa 19-8, tena nyumbani, Fenway Park. Hakuna timu ya ligi kuu iliyokuwa imewahi kutoka kwenye shimo hilo. Wao walitoka, kisha wakatwaa ubingwa wao wa kwanza tangu 1918.

Sasa niambieni, watu wa Boston walianza lini kuamini? Waliamini 1986, timu ikashindwa, wakalia. Waliamini 2003, Aaron Boone wa Yankees akawazima kwa pigo moja katika awamu ya 11 ya mchezo wa saba. Wazee wamezikwa wakiamini.

Kilichofanyika 2004 kilifanywa na watu uwanjani. Katikati ya kipigo kile cha 19-8, mrushaji wao Tim Wakefield alijitolea kuingia kurusha, akapoteza nafasi ya kuanza mchezo wa nne, ili mikono ya wenzake isichoke. Siku mbili baadaye, katika mchezo wa tano, alirusha awamu tatu za mwisho na Yankees hawakuambulia hata pointi moja.

Na yupo Dave Roberts. Mchezo wa nne, awamu ya 9, Yankees wanaongoza 4-3, mrushaji ni Mariano Rivera. Roberts ameingizwa kituo cha kwanza kwa kazi moja: aibe cha pili, yaani akimbilie huko bila kusubiri mpira upigwe. Uwanja mzima unajua. Rivera anajua, mara tatu anatupa mpira kituo cha kwanza kumrudisha. Anapomrushia mpigaji, Roberts anachomoka, anajitupa kifudifudi, mkono unagusa kituo kabla Derek Jeter hajamgusa. Bill Mueller akasawazisha, David Ortiz akamaliza kazi awamu ya 12.

Mwaka 2020 Houston nao walitoka 3-0 hadi 3-3 dhidi ya Tampa Bay, kisha wakafungwa wa saba. Michezo yote hiyo ilichezwa San Diego bila shabiki hata mmoja jukwaani. Walioifikisha Houston pale walishangiliwa na nani?

Ndiyo maana naumia shabiki wa timu iliyotolewa anapoambiwa hakuamini vya kutosha. Ni kumbebesha mtu aliyefiwa lawama za msiba. Waliotoka Fenway mapema usiku ule wa 19-8, vichwa chini, wakisema yamekwisha, hawakumpunguzia Roberts hata hatua moja.